Kumtazama Mkwe Akimeza

Watu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, wananijua kwa mambo mawili: nashona kola inayokaa shingoni vizuri, na nina hasira za karibu. Mteja akija kulalamika suruali inabana, wakati kiuno nilikipima kwa mkono wangu huu na yeye ndiye aliyekwenda kunenepa huko, namwambia hapo hapo. Mke wangu Winfrida husema siku moja nitabaki na cherehani peke yake. Lakini kwa mama mkwe wangu, miaka tisa yote, sikuwahi kupandisha sauti. Sikuwahi hata kumtazama usoni.

Kutomtazama hakukuwa ugomvi, ilikuwa adabu. Sisi Waha, walau tuliolelewa kama nilivyolelewa mimi kule Simbo, mwanamume na mama wa mkewe hawazoeani. Mkikutana njiani unampisha, unainamisha macho. Ukimsalimu, unamsalimu ukiwa umegeuka kidogo. Kula ndiyo usiseme kabisa: wewe humwoni akifungua mdomo, na yeye hakuoni ukitafuna. Nilipokuwa nakwenda kwao Kalinzi kusaidia kuchuma kahawa, mimi nilikula sebuleni na yeye jikoni, ukuta katikati, na kila mtu akaridhika. Jina lake silitaji mpaka leo. Binti yetu anaitwa Erica, basi yeye ni Bibi Erica, imetosha.

Mwaka jana, mwezi wa tano, kiharusi kikamwangusha akiwa anaanika kahawa. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakabaki machache, tena ya kuburuta. Na kumeza kukawa shida: akinywa maji anakohoa mpaka anatokwa machozi, akila wali punje zinamtokea puani. Hospitali wakampitishia mpira puani wa kumlishia, akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa tena, akasema neno moja lililosikika wodi nzima: hapana. Wiki ya tatu akaanza kuweza vyakula vizito vilivyopondwa vikalainika, wakatuambia twende naye nyumbani. Kalinzi hakukuwa na wa kukaa naye. Recho, mdogo wake Winfrida, alikuwa na mapacha wachanga. Akaja kwetu Mwanga.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja mwenyeji wa Songea, Sista Christina, alitukalisha kutufundisha namna ya kumlisha. Nasema alitukalisha, lakini aliyekaa ni Winfrida. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama nje kwenye kamba ya mashuka, maana mgonjwa alikuwa analishwa na mimi ni mkwe. Masikio yangu yalikuwa ndani. Nikasikia: akae wima kabisa, asilegee kwenye mto. Kidevu kishuke kidogo. Kijiko cha chai, tena nusu. Maji matupu hapana, chai tupu hapana, kila kinywaji kiwe kizito kama uji. Asiongeleshwe akiwa na chakula mdomoni. Akimaliza, abaki amekaa nusu saa. Hayo yote niliyashika. Kulikuwa na mengine aliyaonyesha kwa mkono, "hapa, unaona, halafu hivi," na hayo mimi sikuyaona. Nilikuwa nahesabu mashuka.

Likizo yake yote Winfrida alimlisha mama yake mwenyewe, na mama akaanza kurudisha mwili. Kisha likizo ikaisha. Winfrida anafundisha shule ya msingi huko Simbo. Anapanda bodaboda kabla ya saa moja asubuhi, anarudi saa kumi. Asubuhi na jioni angemlisha yeye. Mchana ndio ulikuwa kitendawili. Jirani yetu Ziada, mama mmoja wa Ujiji anayeuza vitenge kibaraza cha pili kutoka changu cha kushonea, akajitolea. Ziada mdomo wake hauna breki, lakini mkono wake ni mwepesi kwa wagonjwa. Wiki nzima alikuja saa saba, akamlisha, akaosha na sahani.

Jumatatu ya wiki ya pili akanijia na mkoba begani.

"Fundi, nakwenda Kasulu. Mwanangu kajifungua usiku wa kuamkia leo."

"Hongera. Na Bibi Erica?"

"Mkweo si yule ndani? Mlishe. Hana meno ya kukung'ata."

"Ziada, usinitanie. Unajua mambo yetu."

"Nayajua. Na njaa nayo naijua," akasema, akapanda pikipiki akaenda zake.

Nikapita kila mlango mtaani. Wanawake wote wako sokoni, aliyebaki nyumbani ni mmoja na yeye ana kifua, anakohoa hovyo. Ikafika saa nane. Mle ndani kuna mtu mzima ana njaa na hawezi kujinyanyulia kijiko, na mimi nazungukazunguka uani na sahani ya ndizi zilizopondwa. Nikasema potelea mbali, nikabisha hodi, nikaingia.

Aliponiona ni mimi alivuta kanga kwa mkono wake mzima, akajifunika uso wote mpaka kidevuni. Nikashukuru Mungu. Nikaweka kiti ubavuni pake, mimi nimeelekea dirishani, yeye ameelekea mlangoni. Nikachota nusu kijiko, nikanyoosha mkono pembeni bila kugeuza shingo. Nikasikia kanga ikiinuliwa. Kijiko kikarudi kitupu. Nikachota kingine. Hivyo hivyo, mimi namwangalia kuku wa jirani dirishani, yeye anakula ndani ya kanga. Dakika kumi na tano sahani ilikuwa nyeupe.

Haki ya Mungu, nilitoka mle kifua mbele. Jioni nikamwambia Winfrida, "Wewe kwako anakohoa, kwa Ziada anakohoa. Kwangu hajakohoa hata mara moja. Na amemaliza yote."

Winfrida akanitazama kama mtu asiyeamini bahati yake. "Kweli, Baba Erica? Umemlisha mama?"

"Kwa adabu zake zote," nikasema.

Jumanne vile vile, Jumatano, Alhamisi. Nikaanza hata kujisifu kwa wateja. Ijumaa asubuhi nikapiga hodi kumsalimu kutoka nje ya mlango kama kawaida, "Mwakeye, mama," na sikujibiwa. Nikasikia pumzi tu, inakwaruza. Winfrida alikuwa bado hajaondoka. Alimgusa paji la uso akaita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Hospitali walimwekea dripu na mashine ya hewa. Daktari akasikiliza kifua, akasema chakula kimekuwa kikiingia kwenye njia ya hewa, kimeoza mapafuni. Kisha Sista Christina akavaa glavu, akawasha tochi, akaingiza kidole shavu la kulia la Bibi Erica. Akatoa bonge la ndizi. Nyuma yake akatoa jingine, la zamani zaidi, limebadilika rangi. Nikatazama pembeni, na safari hii haikuwa kwa adabu.

"Mchana anamlisha nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Ulikuwa unamwona akimeza?"

"Sista, yule ni mama mkwe wangu."

Nilikuwa nimejiandaa, angenicheka ningempa jibu lake pale pale. Hakucheka.

"Hata kwetu mkwe ni mkwe," akasema. "Kaa hapa nikueleze, na leo unitazame." Nikamsimulia yote, dirisha, kanga, hata kwamba kwangu hakohoi. Akanieleza kwamba shavu lile la kulia halihisi kitu, chakula kinajikusanya pale na mwenyewe hajui kipo, halafu akilala kinateleza kwenda kusikotakiwa. Akaniambia kukohoa kwa mgonjwa huyu si aibu, ndiko kunakomwokoa. "Kwa mkeo anakohoa kwa sababu ni mwanawe. Kwako alikuwa anajiziba na kanga. Na alikuwa anaharakisha ili akupe nafasi utoke. Mmeheshimiana mpaka nusura mzikane."

Maneno hayo yaliniingia. Mimi nilijisifu mtaani kwamba kwangu hakohoi, kumbe mtu alikuwa anajinyonga pole pole kwa ajili ya heshima yangu, na mimi naangalia kuku. Roho iliniuma sana. Nikamuuliza afanye nini mtu kama mimi. Akaweka vidole kwenye koo lake mwenyewe, akameza mate, akanionyesha koromeo linavyopanda na kushuka. Hiyo ndiyo alama, akasema. Hujaiona, hakuna kijiko kingine. Chakula kiwekwe upande wa kushoto. Na mwisho afungue mdomo, umulike shavu la kulia, uhakikishe ni tupu.

Alikaa wodini siku tisa. Siku ya kutoka daktari alituita mimi na Winfrida kando, akasema bila kuzunguka: kifua kile kikiugua tena namna ile, tusitegemee kwamba kitapona. Kama hatuwezi kumlisha kwa usalama mchana, mpira urudi puani, na kwa kuwa anauchomoa, mkono wake utabidi ufungwe. Bibi Erica alikuwa pale kitandani anasikia. Machozi yakamtoka jicho moja.

Nyumbani Winfrida akakaa mezani na kuanza kuandika barua ya kuacha kazi.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Nitamlisha mimi. Macho kwa macho."

"Hatakubali. Humjui mama."

"Muulize."

Akaenda akamuuliza, nami niko ukumbini. Nikasikia lile neno lake: hapana. Winfrida akarudi akashika kalamu. Nikamwomba anipe siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne. Akakubali, lakini barua hakuichana, aliiweka juu ya kabati.

Jumatatu saa saba nikaweka kiti mbele yake. Si ubavuni, mbele. Bibi Erica akavuta kanga kama kawaida, akajifunika mpaka kidevuni.

"Mama," nikasema, na macho yangu mwenyewe yalikuwa sakafuni, tusidanganyane, "leo lazima nikuone ukimeza. Sista kasema."

Akageukia ukutani. Nikangoja. Chakula kikapoa, nikaenda kukipasha moto, nikarudi. Akafumba mdomo ndani ya ile kanga, nikaona kitambaa kimebanwa na midomo. Nikapasha mara ya pili. Saa tisa nikatoka na sahani kama ilivyokuwa. Winfrida aliporudi alitazama sahani tu. Jioni ile akamlisha, mama akala kwa pupa ya njaa, akapaliwa, tukasimama wote roho mkononi mpaka akatulia.

Jumanne nikaanza tena. Ndizi zilizopondwa, mchuzi wa samaki mgebuka nimeuchuja mara mbili kwenye kitambaa safi, mwiba haupo hata wa dawa. Nikaweka kiti. Kanga ikapanda. Akageukia ukutani.

Hapo kichwa kikanipata moto.

"Mama, unataka nini?" nikasema, na sauti haikuwa ya ndani ya nyumba tena. "Unataka wakufunge mkono kama mwizi? Unataka Winfrida aache kazi aliyoisomea, wewe mwenyewe ukauza kahawa ukamlipia ada? Adabu nimekupa miaka tisa. Nimekupisha njiani, nimekula nyuma ya ukuta, jina lako sijalitamka hata nikiwa nimelewa. Kama haijatosha, basi haitatosha. Mimi sitakuzika kwa adabu. Sitaki. Utakula na nitakutazama, na kama ni dhambi nitaibeba mimi."

Barazani mashine ya mwenzangu Nehemia, tunayeshona naye, ikanyamaza. Hata yeye alisikia. Na mimi nikajisikia, nikasimama na kijiko mkononi kama mjinga. Nimemfokea mama mkwe. Mgonjwa. Mjane. Baba yangu angefufuka angenitandika. Nikakaa kwenye kile kiti, nikaanza kulia, mimi Telesphory ambaye hata msiba wa baba nilijikaza. Nikasema, "Nisamehe, mama. Naogopa tu. Naogopa utakufa mikononi mwangu."

Nikasikia kanga inasogea. Nilipoinua macho alikuwa ameishusha yote, iko magotini.

Ndipo nikamwona. Ulikuwa uso wa Winfrida, umezeeka tu: macho yale yale ya kubana anapofikiri, alama ndogo nyeusi juu ya mdomo. Upande wa kulia umeshuka, na mate kidogo yanachuruzika hapo, na yeye anajua yanachuruzika na hana la kufanya. Nikaelewa alichokuwa ananificha. Mazoea yakanishinda, nikageuza macho dirishani. Akagonga sahani kwa vidole vya kushoto, mara mbili. Nikarudisha macho.

Nikamnyoosha akakaa wima, nikamwekea mto kwapani upande ule mbovu asiegemee. Nilimgusa bega. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikachota nusu kijiko nikaweka upande wa kushoto, nikatazama shingo. Mimi nimepima shingo za watu wa Kigoma hii miaka kumi na minne, najua ya mchungaji, ya diwani na ya bwana harusi, lakini shingo kwangu ilikuwa namba ya kukatia kola. Sikujua ina kazi kubwa hivyo. Koromeo lilipanda nusu, likasita. Likapanda tena, likafika juu, likashuka. Nikapumua. Nikachota kingine.

Kijiko cha sita akapaliwa. Niliona anataka kujizuia, macho yamemtoka, mkono unatafuta kanga. Nikaishika ile kanga. "Kohoa, mama. Kohoa hapa hapa." Akakohoa kikohozi kikubwa cha mwili mzima, na ndizi zikaja zikanirukia kifuani kwenye shati. Tukatazamana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja hukumu. Nikachukua kitambaa nikamfuta kidevu kwanza, shati baadaye. Nikamwambia shati naweza kushona jingine, kazi yangu ndiyo hiyo. Kona ya kushoto ya mdomo wake ikapanda kidogo. Nikasubiri pumzi zitulie, tukaendelea.

Barazani kuna mteja akaanza kuita, "Fundi, suruali yangu!" Nehemia akamjibu kwa niaba yangu kwamba fundi yuko kazini. Ilichukua saa nzima na dakika kadhaa, na sahani haikuisha, ilibaki robo. Sikujali. Nikawasha tochi ya simu.

"Mama, sasa fungua nione."

Hilo ndilo lilikuwa zito kuliko yote. Alinitazama muda mrefu. Kisha akafumba macho, akafungua mdomo wake mbele ya mume wa binti yake, meno yaliyobaki na mapengo na ulimi uliolala upande mmoja. Nikamulika. Shavu la kulia lilikuwa na kipande. Nikamwonyesha kwenye shavu langu kilipo. Akahangaika kukitafuta kwa ulimi, akakipata, akameza, nikaona koromeo. Akafungua tena bila kuombwa. Patupu.

Nikaanza kukusanya vyombo. Nilitaka kutoka haraka, nijifungie chooni nilie vizuri. Nikamwambia abaki amekaa hivyo hivyo nusu saa, nitakuwa hapo nje. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. Alisema kwa Kiha, pole pole, neno moja moja, mpaka nikalazimika kurudi karibu ili nimsikie. Aliniuliza kama nimekula.

"Bado, mama. Nitakula barazani."

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye kiti.

Nikaenda jikoni nikajipakulia ugali na kipande cha mgebuka. Nikarudi nikakaa pale pale, magoti yetu karibu yanagusana. Nikakata tonge, nikachovya, nikalitia mdomoni, nikatafuna mbele ya macho yake. Nilipotaka kumeza, nikashindwa. Kilio kilikuwa kimekaa kooni, tonge haliendi mbele wala halirudi nyuma. Nikainama ili asinione.

Akagonga kiti kwa vidole vyake. Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama koo, kidevu chake kimeshuka kidogo, hana haraka yoyote. Akaningoja mpaka tonge likashuka.